Kinanda cha stirio, saundikadi ya tundu moja: ninunue kipi?

Kinanda_Ipagala: Wakuu habari za jioni. Nina studio ndogo chumbani, niko Ipagala, Dodoma. Saundikadi yangu (kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ina tundu moja tu la kinanda, na kinanda kinatoa stirio. Nikichomeka, sauti inaingia nyembamba, besi na kiki (ngoma nzito ya chini) sizisikii kabisa. Ninunue saundikadi ya matundu mawili, au mikisa ya USB, au nirekodi kushoto kwanza kisha kulia? Kesho kutwa kuna mtu anapanda SGR kwenda Dar, nataka nimpe hela anipitie Kariakoo.

FundiWaMakole: Saundikadi gani? Kinanda gani? Bajeti? Mnakuja kuomba dawa bila kusema mnaumwa wapi.

AreaC_Records: Mikisa, basi. Ukishakuwa na mikisa hurudi nyuma tena.

FundiWaMakole: @AreaC_Records mikisa nyingi za bei ya chini zinapeleka kwenye kompyuta treki mbili tu, kushoto na kulia, hata kama ina matundu nane. Mwambie na hilo kabla hajatuma hela.

Kinanda_Ipagala: Samahani mkuu. Ni Scarlett Solo na Yamaha PSR-E373. Natumia waya wa jeki kwa jeki, ule wenye pete mbili nyeusi, kutoka tundu la hedifoni la kinanda.

FundiWaMakole: Besi yako imepotelea hapo hapo. Hilo tundu la Solo ukiliweka kwenye laini ("line", ya vyombo kama kinanda) linapima tofauti kati ya ncha ya jeki na pete yake ya chuma, ile iliyo kati ya zile pete nyeusi. Kinachofanana pande zote mbili linakifuta, ndivyo linavyoua kelele za waya. Wewe umeweka kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Besi, kiki na chochote kilichokaa katikati vinafanana pande zote, kwa hiyo vinafutwa. Kinachobaki ni mwangwi na vitu vya pembeni. Saundikadi ni nzima. Tafuta waya wa jeki moja ya stirio unaogawanyika jeki mbili za mono (upande mmoja mmoja), chomeka mguu mmoja tu, besi itarudi.

MpigaZeze: Na ukishapata huo mguu mmoja, acha hapo hapo. Watu wanasikilizia simu na vispika vya bodaboda, stirio ya nini? Mimi narekodi zeze na ilimba kwa maiki moja na hakuna aliyewahi kulalamika.

MamaKwaya_Kizota: @MpigaZeze wewe unarekodi chombo kimoja. Ngoja nikueleze yaliyotupata sisi. Kwaya yetu ilimwita fundi atuchukulie sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya kanisa. Kwenye ile mikisa soprano na alto wamewekwa kushoto, teno na besi kulia. Kijana akaja na kinasa sauti cha tundu moja, akachomeka tundu la kushoto, akavaa hedifoni, akaanza kutikisa kichwa. Tuliimba toka baada ya ibada mpaka giza likaingia, mwalimu anaturudisha kila beti. Tumelipa, tumesubiri wiki, flashi ikaja. Akina mama tupu! Kinanda nacho kinasikika kwa mbali kama kiko jikoni. Wanaume wetu walifunga tai siku ile, hakuna hata mmoja aliyesikika. Tukampigia, akasema "hiyo ndiyo mono". Hela hatukurudishiwa. Kwa hiyo mtu akiniambia upande mmoja unatosha, namwuliza kwanza huo mwingine una nini.

AreaC_Records: Si angeunganisha waya wa Y tu, pande mbili ziingie tundu moja.

FundiWaMakole: Matundu mawili ya kutolea sauti hayaunganishwi hivyo hivyo, yanasukumana. Weka rezista (kipande cha kupunguza umeme) kila upande ndipo uunganishe, au tumia mikisa.

Studio_Nkuhungu: Mbona hakuna aliyesema la wazi? E373 inatoa sauti kwa waya wa USB, stirio, 44.1 kHz, biti 16. Weka programu ya Yamaha kwenye laptopu, chomeka, rekodi. Kariakoo haina haja.

FundiWaMakole: Kweli. Ila kwenye Windows programu ya kurekodia inashika kifaa kimoja cha ASIO (njia ya kupitishia sauti ya kurekodi) kwa wakati mmoja. Arekodi kinanda kwanza, kisha ahamie Solo kwa ajili ya sauti ya kuimba.

Kinanda_Ipagala: Na ile ya kushoto kwanza, kulia baadaye?

Studio_Nkuhungu: Inawezekana kama wimbo umeurekodi ndani ya kinanda, kikaurudia chenyewe. Ukipiga kwa mkono mara mbili, hazitalingana. Hata hivyo sauti zenye koras (ile athari ya kuyumbisha sauti) zinazunguka tofauti kila wimbo unaporudiwa, utasikia kitu kinayumba. Bajeti yako hujasema.

MpigaZeze: Mimi bado na mono yangu.

MamaKwaya_Kizota: Kwa muheme, ngoma ya Wagogo, je? Wanawake kumi wamejipanga na ngoma mapajani, maiki moja utaiweka mbele ya nani?

MpigaZeze: Mama, kwa muheme nakubali, maiki mbili. Tatizo langu ni upepo. Kule Chamwino mwezi wa saba maiki inavuma tu, ngoma husikii.

AreaC_Records: Sponji ya kawaida haitoshi nje. Tafuta ile ya manyoya.

MpigaZeze: Inapatikana hapa Dodoma, au ni mpaka Dar?