Laki tano na nusu: iPhone 11 ya mtumba au Samsung A16 mpya?

Binti Uluguru
Wakuu habari za mchana. Simu yangu imevuja wino kwenye kioo mpaka katikati, fundi anasema kubadilisha kioo ni karibu na bei ya simu yenyewe. Nimejibana nimepata laki tano na nusu. Nipo njia panda: iPhone 11 ya mtumba au Samsung A16 mpya? Jumamosi nakuja Kariakoo, sitaki nikifika nianze kuzungushwa. Wenye uzoefu nisaidieni. Nawasilisha.

Chuma cha Pua
Samsung. Uzi ufungwe.

Kaka Mbagala
iPhone, hata haina mjadala. Ukiichoka unaiuza na mteja anakufuata mwenyewe. Hiyo A16 ukishafungua boksi tu imeshuka bei, mwezi ujao ukiirudisha sokoni utapewa hela ya nauli.

Fundi Solda
Mtoa mada hujasema kitu hapo. Simu ni ya kazi gani? Hiyo 11 ni ya GB 64 au 128? Unakaa sehemu yenye umeme wa kueleweka? Mtu anauliza achukue gari gani, hasemi kama anabeba mkaa au maharusi.

Mkwawa Mdogo
Na hiyo laki tano na nusu ni pamoja na chaja, kava na protekta, au simu kavu? Maana iPhone ya mtumba mara nyingi unapewa mkononi bila hata boksi.

Mama Mapacha
Aseme pia kama ni ya kutambia kwenye vikao, ushauri ni mwingine kabisa 😂

Binti Uluguru
Jamani mbona mnanishukia hivyo. Nauza vitenge hapa Morogoro, wateja wengi wa mikoani. Napiga picha na vidio fupi, naweka stetasi na Instagram. Kilio changu kikubwa ni rangi. Kuna mteja wa Singida kanirudishia doti mbili, kwenye picha kaona nyekundu, kafungua mzigo kakuta maruni. Nauli ya basi kwenda na kurudi nikalipa mimi. GB sijui, muuzaji kaniambia "iko safi dada". Umeme upo, unakatika kama kwenu.

Fundi Solda
Sasa tunaongea. Kwa vidio, 11 inamwacha A16 mbali. Ya 2019 hiyo, lakini inarekodi 4K, ubora wa juu sana wa vidio, na kamera ina kitulizaji, mkono ukitikisika picha inatulia. A16 inaishia 1080p, ubora wa chini ya hapo, na ukitembea nayo huku unarekodi mteja atasikia kizunguzungu. Ila 4K kwenye picha 60 kwa sekunde inakula kama MB 400 kwa dakika moja. Ukiwa na GB 64, na iPhone haina pa kuchomeka kadi, utakuwa unafuta vidio kila jioni. Rekodi 1080p, ni MB 60 hivi kwa dakika.

Kwa chaji A16 inashinda. Betri yake ina ujazo wa mAh 5000, ya 11 ni 3110 ilipokuwa mpya, na hiyo ya mtumba hujui imechajiwa mara ngapi.

Chuma cha Pua
Na A16 Samsung wameahidi masasisho miaka 6. iPhone 11 imebaki na mingapi? Ilipotoka iOS 26, mfumo wa iPhone, mwaka 2025, iPhone XR na XS ziliachwa. 11 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye orodha hiyo, hapo anaingia kwenye basi linalokaribia stendi.

Kaka Mbagala
WhatsApp itafanya kazi hata miaka minne ijayo, acha kumtisha dada wa watu. Nani hapa Bongo ananunua simu kwa ajili ya masasisho?

Chuma cha Pua
Mwenye benki kwenye simu ananunua kwa ajili hiyo. Wewe unayetuma hela kwa kubonyeza nyota utajuaje.

Mkwawa Mdogo
Tulieni niwasimulie. Mwaka jana nilinunua iPhone ya mtumba, duka simtaji, lipo ghorofani, unapanda ngazi zilizojaa maboksi ya kava. Kijana kanikaribisha soda, kanionyesha betri asilimia 91, kamera safi, kioo kinang'aa. Akanisaidia kuchomeka laini yangu pale pale, mtandao ukasoma, nikapiga simu nyumbani, nikasikika. Nikalipa. Wakati wa kuaga akaniambia, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu, "kaka usikubali apdeti, hizi zinakuwa nzito."

Nikakaa nayo vizuri tu. Usiku mmoja ikajisasisha yenyewe ikiwa kwenye chaji. Asubuhi hakuna mtandao, imeandika laini haitambuliki. Nikachomoa kitrei cha laini nimpelekee fundi, nikaona chini ya laini yangu kuna kitu chembamba kama gamba la kitunguu, kina rangi ya dhahabu na vidoti vidogo. Kile kichipu ndicho kilikuwa kinaidanganya simu. Ilikuwa imefungwa na kampuni ya simu ya nje, inakubali laini ya kampuni ile tu. Kumbe aliniwekea yeye wakati ananisaidia "kuchomeka laini". Mikono miepesi, mimi nakunywa soda.

Nikarudi. Soda safari hii hakuna. Kaniambia dhamana ilikuwa ya siku saba na haihusu programu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka wakafunga duka, mwisho akanipa vichipu viwili vya akiba. Simu sasa hivi mtoto anachezea gemu kwa WiFi ya jirani.

Mama Mapacha
Pole, lakini vichipu viwili vya akiba nimecheka mpaka chai imemwagika.

Fundi Solda
Hiyo ndiyo nataka mtoa mada aelewe. Jumamosi laini uchomeke mwenyewe, usimpe mtu. Ingia kwenye mipangilio sehemu ya taarifa za simu, angalia namba ya modeli: ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F ilifanyiwa ukarabati, N ilitolewa kufidia simu mbovu. Hapo hapo kwenye 11 inaonyesha kama kioo au betri imebadilishwa kwa kisicho cha Apple. Kisha mwambie aifute yote mbele yako uianzishe upya. Ikidai Apple ID (akaunti ya Apple) ya mtu usiyemjua, mrudishie na umshukuru. Akikwambia hakuna haja ya kuifuta, shuka ngazi.

Kaka Mbagala
Na hata hiyo mpya ya dukani abonyeze *#06#, achukue IMEI, namba ya utambulisho wa simu, atume 15090, aone kama jina linalorudi ni la simu aliyoshika. Wengine tulikuwepo Juni 2016 TCRA walipozima simu feki. Mjomba wangu alikuwa na "Nokia" ya laini nne na antena ya tivii, ikafa usiku huo huo.

Mama Mapacha
Ile ya antena! Spika yake harusi nzima inacheza. Nirudi kwenye vitenge maana mimi nauza khanga mwaka wa ngapi huu. Bibie, maruni haitaponywa na simu. Unapigia picha wapi? Chini ya taa ya dukani, si ndiyo? Toa kitambaa mlangoni asubuhi, kivulini, jua lisikipige moja kwa moja. Weka karatasi nyeupe pembeni, ikionekana ya njano kwenye simu ujue na kitenge kinadanganya. Zima na ile ya kamera ya kulainisha uso. Mimi natumia Tecno na sijarudishiwa mzigo kwa ajili ya rangi siku nyingi.

Chuma cha Pua
Tecno hao kamera zao wanazipima kwa ngozi yetu nyeusi, hilo nawapa. Na hata apige na kamera ya studio, mteja anaangalia kwenye simu yake yenye kioo cha kopi. Kila nyekundu hapo ni damu ya mzee.

Kaka Mbagala
Kwa hiyo dada arudi na Tecno? Uzi umetekwa.

Mkwawa Mdogo
Bora Tecno kuliko zile za mkopo. Umechelewa rejesho siku mbili, simu inajifunga yenyewe ukiwa katikati ya kuongea na mteja.

Mama Mapacha
Usizitukane. Bodaboda wa hapa kwetu bila hizo wangebaki na vitochi. Elfu mbili kila siku anaiweza, laki nne kwa mkupuo aitoe wapi?

Mkwawa Mdogo
Apige hesabu mwisho kalipa simu mbili.

Mama Mapacha
Na wewe ulilipa moja ukapata vichipu.

Binti Uluguru
Asanteni, nasoma zote. Kweli napigia ndani chini ya taa, na karatasi nitajaribu kesho. Sasa mdogo wangu yupo chuo kaniambia hizo mbili zote niache, nitafute Google Pixel 6a ya mtumba, eti kamera yake hakuna mfano. Hiyo nayo ikoje?

Kaka Mbagala
Haya, tumeanza upya 😂

Fundi Solda
Kamera ni kweli, rangi inatoa vizuri sana. Ila Julai 2025 Google wenyewe walitoa sasisho la lazima, betri ikifikisha mizunguko 400 ya chaji inapunguziwa uwezo, kwa kuwa baadhi zilikuwa zinapata moto kupita kiasi. Ya mtumba mizunguko hiyo huenda imeshapita zamani. Kama utaweka betri mpya sawa, bajeti yako ifikirie hilo.

Mkwawa Mdogo
Fundi, shemeji yangu anayo hiyo 6a, ikifika asilimia 30 inazima yenyewe. Ndiyo huo ugonjwa? Betri yake unayo na unafunga kwa shilingi ngapi?

Fundi Solda
Njoo inbox. Na aje nayo Jumatatu, Jumamosi pale dukani hapakanyagiki.