Yadi imeongeza milioni 34 juu ya bei ya tangazo, gari ni Ford Raptor mpya. Ni biashara halali au ndo napigwa?

Mnyanyembe wa Ipuli

Wakuu mwangaluka. Mimi niko Tabora mjini hapa, nacheza na mchele na asali, nina fuso mbili za mkopo ambao mungu kasaidia umeisha mwezi wa nane. Sasa baada ya miaka 11 na Toyota Hilux Vigo yangu ambayo mlango wa kushoto naufunga na kamba ya katani nimesema na mimi nijipe raha kabla sijafa, nataka Ford Ranger Raptor, ile ya petroli V6 lita 3.0. Niliiona moja njia ya Uvinza inapita kwenye makorongo kama inapita kwenye zulia, tangu siku hiyo sijalala vizuri, mama watoto anajua.

Wiki iliyopita nikapanda basi mpaka Dar. Kuna yadi (sio wakala rasmi, ni watu wanaagiza zero kilometa wenyewe) walitangaza milioni 238. Nafika pale gari ipo kweli, nyeusi, viti vina nailoni. Winga wao (dalali wa pale) kijana mchangamfu kweli, kanipa na soda. Tukaingia ofisini proforma ikatoka, nikaisomea gesti usiku maana pale mezani macho yalikuwa kwenye gari tu:

Bei ya gari 238,000,000
Marekebisho ya soko 22,000,000
Vifaa vya lazima (tinted, mati, bampa ya mbele, GPS, rangi ya chini ya kuzuia kutu) 8,600,000
Maandalizi na kuharakisha 3,500,000

Jumla 272,100,000. Nikauliza hiyo marekebisho ya soko ni kitu gani akasema boss dola imepanda, halafu zimebaki mbili tu nchi nzima, na kuna mtu wa Mwanza anakuja jumatatu. Na hiyo tatu na nusu ya kuharakisha akaomba nimrushie kwenye namba yake ya simu.

Nimeweka kishika uchumba milioni 2 kwa risiti, wamesema inarudi ndani ya siku 14. Swali langu, hicho cha juu kinalipika au nimekaa kifala?

Fundi Isevya

Mkuu hiyo milioni tatu na nusu usitume hata mia. Hela ya ofisi inaingia akaunti ya ofisi na inatoka na risiti ya EFD, ikienda kwenye simu ya mtu hiyo ni nauli ya winga.

Vifaa vya lazima ndo uchafu wa zamani. Tinted na mati na GPS nipe milioni moja na nusu nakufungia hapa hapa gereji na chenji ntakurudishia. Bampa ya mbele kwenye Raptor usifunge kabisa, ile gari pua yake imeshapangwa, ukiongeza chuma unabebesha shokapu uzito ambao hawakuupigia hesabu, na shokapu zenyewe ni Fox inchi 2.5 zinazojirekebisha kwa umeme kila barabara ikibadilika. Hizo ndo unazilipia kaka, ndo zulia uliloliona pale Uvinza. Ikifa moja kwa mitaa yetu utaisubiri kama unasubiri barua ya posta.

Alafu nikuulize kitu kimoja kama fundi. Wewe unabeba mchele. Raptor kwa sababu ya hizo springi laini za nyuma inabeba chini ya kilo 750, Ranger ya kawaida inagusa tani. Kuvuta tela Raptor mwisho kilo 2,500, zile nyingine 3,500. Na kuna Ranger Wildtrak yenye V6 ya dizeli, lita 3.0 vile vile, inatoa mvuto wa Nm 600 wakati Raptor ya petroli inatoa 583. Yaani ya bei ya chini ina mvuto mkubwa. Mbio hazifanani sawa, ila mbio unaenda nazo wapi, kila kijiji hapa ni 50 na trafiki wamejificha nyuma ya mwembe na tochi, elfu 30 yako inakusubiri.

Wese pia. Kwa karatasi za kiwandani Raptor V6 inakula lita 11.5 kwa kilomita 100, hiyo ni kwa mguu wa padri. Kwa mguu wako weka 15. Na bei za mafuta za EWURA unazijua zilivyo kwetu, kila lita imeshapanda lori kutoka Dar kabla hujaigusa.

Mwisho, piga picha ubavu wa tairi. Kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Nitumie.

Kurasini clearing

Kaka hoja ya dola ni ya kitoto. Gari iko yadi, imeshatolewa bandarini, kodi yake ilishalipwa siku nyingi, dola ya leo inahusu gari itakayokuja sio hiyo. Na kama walikuandikia au kukutajia bei kwa dola hapo tena wamekosea, tangu machi 2025 kanuni zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Watu huwa wanafichia cha juu nyuma ya neno kodi kwa hiyo jua jinsi inavyopanda. Mfano gari ya abiria yenye injini zaidi ya cc 2000: chukua bei yake na usafiri na bima mpaka bandarini iwe 100, ushuru wa forodha asilimia 25 inakuwa 125, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 10 inakuwa 137.5, juu yake tena VAT 18 inafika 162.25, halafu vitozo vidogo vidogo. Pickup inasomwa kwa msimbo mwingine wa forodha, mwambie akuonyeshe karatasi ya tathmini ya TRA ya gari hiyo hiyo kwa namba ya chesisi. Mwenye bei ya kweli anakuonyesha. Na muulize imetoka soko gani, hili watu wengi hawajui, Raptor V6 ya Australia na Afrika Kusini ina kilowati 292, ya Ulaya na Uingereza wameibana mpaka 215 kwa ajili ya moshi. Na ya Uingereza nayo usukani uko kulia. Unaweza ukalipa cha juu cha simba ukapewa simba aliyekatwa kucha.

Muha wa Houston

Salamu kutoka mbali, kwetu ni Ujiji ila niko Texas mwaka wa tisa sasa. Aisee hicho kitu nilidhani ni cha huku tu. Huku kuna sheria tangu 1958 kila gari jipya libandikwe karatasi dirishani yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, lakini ni kupendekeza tu, mwenye showroom ni mfanyabiashara anayejitegemea na majimbo yana sheria zinazomlinda, kiwanda hakiwezi kumpangia auze bei gani. Kwa hiyo pembeni ya ile karatasi anabandika ya kwake. 2023 nilienda kuangalia Toyota GR Corolla, ile ya pistoni tatu lita 1.6 farasi 300, kiwanda kilisema kuanzia dola 35,900, pembeni karatasi ya pili ndogo ya njano, marekebisho ya soko dola 15,000. Maneno ni yale yale kama ya winga wako, nimecheka peke yangu hapa.

Muuzaji aliniambia ziko chache hutapata nyingine. Nikaondoka roho inaniuma. Mwaka na kitu baadae nikapita barabara ile ile, ziko tatu mbele, karatasi ya njano hamna. Kipindi kile chipu zilikuwa adimu dunia nzima na watu walikuwa na hela za serikali za kukaa ndani wakati wa korona, uhaba ulikuwa wa kweli, ila hata uhaba wa kweli una tarehe ya kuisha. Waliolipa ile 15,000 hakuna aliyewarudishia.

Dada Bima Kanyenye

Kaka mimi nakatia watu bima hapa mjini naomba niongezee moja ambayo wanaume mkiona gari mnaisahau. Bima kubwa unailipia kwa thamani uliyoandika, gari binafsi mara nyingi asilimia 3.5 kwa mwaka kabla ya VAT. Ukiandika 272 ile 34 ya juu peke yake inakula karibu milioni moja na laki mbili kila mwaka. Likipinduka Chaya huko mungu apishe mbali, kampuni haikulipi ulichonunulia, inakulipa thamani ya gari sokoni siku ile. Marekebisho ya soko na rangi ya chini havimo. Benki nao hivyo hivyo ukienda kukopea.

Pia yadi binafsi, waranti anaitambua nani? Ipate kwa maandishi, sio kwa soda.

Mzee wa Igunga

Ngoja mimi niwe mbaya. Ndugu yangu wa Ipuli, mchele unaununua kwetu Igunga mwezi wa sita wakati wa mavuno, januari unauuza bei gani? Ile ile uliyonunulia? Sasa mbona ukifika Dar unataka mwenzako auze kwa bei ya juzi. Akiuza hiyo gari anatakiwa alete nyingine kwa dola mpya, asipoongeza anakula mtaji. Kupanga bei sio wizi, wizi ni kudanganya.

Na kusubiri nako kuna gharama. Land Cruiser 300 ilipotoka, januari 2022 Toyota wenyewe walisema Japani foleni inaweza kufika miaka minne, na wateja wakawa wanasainishwa kwamba hawataiuza ndani ya mwaka mmoja, maana mtumba ulikuwa unauzwa ghali kuliko mpya. Mtu wa namna hiyo akiongeza hela aipate leo simcheki. Una hela, unaipenda, una miaka mingapi ya kuishi? Nunua. Ila nunua unajua unalipia hamu yako, usije ukatuambia ni uwekezaji.

Mnyanyembe wa Ipuli

Mzee wa Igunga umenishika pabaya, kwenye mchele umenimaliza, nimeisoma hiyo mara mbili. Lakini mimi mteja akija dukani januari bei iko pale kwenye kibao, na akiona ghali anavuka barabara kwa mpemba. Simtangazii 2,000 akifika namwambia 2,000 ni ya gunia, mchele una marekebisho.

Dada wa bima asante, hiyo ya thamani ya siku ile sikuwahi kuiwaza kabisa na fuso zote mbili nimekata bima kubwa.

Sasa Fundi. Nilipiga picha nyingi za gari, moja nimepiga rimu ya nyuma kwa sababu ilinipendeza. Nikaivuta ikawa kubwa, pale mwisho inasomeka 1423. Na winga alisema ni ya 2025.

Fundi Isevya

Wiki ya 14, 2023. Tazama na zile tatu nyingine na speatairi, kama zote ziko hapo hapo basi hiyo gari haijaletwa juzi, imekaa. Gari iliyokaa miaka hiyo yote inakosa mteja, haigombaniwi. Betri hiyo imeshajifia mara mbili tatu. Hapo marekebisho ya soko yanatakiwa yaende chini.

Mnyanyembe wa Ipuli

Zote nne. Speatairi sikuipiga.

Nimempigia, nikamwambia kijana wangu natoa 225 bila bampa bila mati na karatasi ya TRA nione, halafu nieleze tairi za 2023 zimefikaje kwenye gari la 2025. Akanyamaza kidogo akasema boss subiri nimuulize bosi nakurudia sasa hivi. Hiyo ilikuwa jumatatu saa tatu asubuhi, ile siku ya mtu wa Mwanza. Leo alhamisi. Milioni 2 zangu siku 14 zinaisha wiki ijayo, risiti ninayo.

Fundi Isevya

Huo mlango wa Vigo lete jumamosi, kitasa cha used kipo, usije umefunga na kamba mpya.