Naomba ushauri: nimetakiwa nieleze falsafa yangu ya usonara na mawazo yangu yanatoka wapi

Binti Sonara

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie, hasa mlio kwenye usonara, uchongaji na kazi za mikono kwa jumla.

Nafua fedha hapa Dar, kazi niliyofundishwa na baba mdogo wangu Kariakoo. Kazi za kila siku ni matengenezo: mkufu umekatika, pete inabana, herini imepoteza kulabu. Zinazobaki ni oda, na oda karibu zote zinakuja na picha kwenye simu. "Nitengenezee kama hii." Nyingi ni za Dubai au India. Nazifanya kwa moyo wote na mteja anaondoka ameridhika.

Pembeni nina kazi zangu mwenyewe. Kuna duka la sanaa Zanzibar wameziona, wanataka niwapelekee seti ya vipande 12. Pamoja na vipande wameomba ukurasa mmoja: falsafa yangu ya ubunifu ni ipi, na vyanzo vyangu ni vipi. Hapo ndipo nimekwama. Naandika, nafuta. Nikiandika "navutiwa na uzuri wa asili ya Afrika" naona sentensi hiyo anaweza kuiandika hata mtu asiyewahi kushika tupa.

Ninachokijua ni hiki. Napenda fedha iliyoachiwa alama za nyundo. Napenda pambo lenye uzito. Sipendi vijiwe vidogo vingi vilivyorundikwa pamoja. Nikiwa Mji Mkongwe muda mwingi nasimama kwenye milango. Na nimerithi kekee, yaani bangili pana, ya fedha ya bibi yangu mzaa mama, ambayo naitazama mara kwa mara.

Nyinyi mnapobuni mnaanzia wapi? Je, ni haki kuchukua umbo la bibi zetu nikaliita kazi yangu? Na jambo la mwisho: duka linataka angalau vipande viwili viwe na tanzanaiti, jiwe ambalo sijawahi kulifanyia kazi.

Mzee wa Langoni

Mwanangu, hiyo kekee ivae kutwa nzima kabla hujaandika neno. Pika nayo, fua nguo nayo, panda nayo daladala. Pambo likiwa mezani utaona nakshi tu. Likiwa mkononi ndipo utajua kwa nini aliyelifua alilifanya pana vile, kwa nini ukingo ameulaza, na uzito unakaa upande gani. Mafundi wa zamani kila pambo walilifua na mahali pake: jasi la ndewe, kipini na kishaufu vya pua, kidani cha kifua, furungu la mguu. Mwili ndio uliotoa vipimo.

Sasa nikupe mfano wa huku kwetu Lamu, kwa sababu nadhani utakusaidia kuliko maneno makubwa. Tuna pete za fedha ambazo mahali pa kito pana kigae cha chombo cha kale cha Kichina, kimesagwa ukingoni na kushikiliwa na fedha pande zote. Wageni huzinunua sana. Lakini tazama wazo lenyewe limetoka wapi. Karne nyingi watu wa pwani hii walikuwa wakivipa vyombo vya kauri mahali ukutani. Kwenye nyumba za mawe vilipangwa katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mgeni akiingia avione. Makaburini mabakuli yalipachikwa kwa chokaa, kama kwenye kaburi la nguzo la Mambrui, na kama kwenye makaburi ya Kunduchi huko huko kwenu Dar es Salaam. Fundi wa pete ameihamisha desturi hiyo kutoka ukutani hadi kidoleni. Chokaa imekuwa fedha, bakuli limekuwa kigae, lakini tendo ni lile lile: chombo kilichovuka bahari kinashikwa na kazi ya fundi wa hapa.

Nenda Kunduchi siku moja na daftari. Ukachore jinsi chokaa ilivyoshika bakuli, ukingo kwa ukingo. Ila usiokote hata kigae kimoja magofuni, vitu hivyo vinalindwa na sheria kwetu na kwenu. Sahani iliyovunjika jikoni kwako inatosha.

Kuhusu haki: umbo la kekee halina mwenyewe mmoja. Lichukue, useme wazi umelitoa wapi, kisha libadilishe pale maisha yalipobadilika. Bibi yako hakuwa akiandika kwenye kompyuta. Mteja wako anaandika, na bangili pana inagonga meza mchana kutwa. Ukiilaza bapa upande wa kiganja, hiyo ni kazi yako na sababu yake unaijua.

Mdau wa Ngara

Mzee amesema kweli kuhusu mwili. Kulikuwa na sonara Mmarekani mweusi, Art Smith, aliyezaliwa Kuba mwaka 1917 na wazazi wa Kijamaika, akawa na duka Greenwich Village, New York. Alifua zaidi shaba, vitu vikubwa vinavyozunguka shingo na mkono mzima, na alitengenezea pia vikundi vya wacheza dansi. Msimamo wake ulikuwa kwamba pambo halijakamilika mpaka livaliwe. Ukitazama mikufu yake utaona ameacha nafasi tupu ili ngozi ya mvaaji iwe sehemu ya umbo.

Mwingine wa kumsoma ni Elsa Peretti, Mwitaliano aliyeanza kuibunia kampuni ya vito ya Tiffany mwaka 1974. Utotoni alitembelea Roma kanisa la Wakapuchini ambalo vyumba vyake vya chini vimepambwa kwa mifupa ya watawa, na mifupa ile haikumtoka. Baadaye akatengeneza bangili pana inayopanda juu ya kifundo cha mkono na kufuata mfupa wenyewe, ya mkono wa kulia tofauti na ya mkono wa kushoto. Dada, ona alivyofanya: hakuchora picha ya mfupa juu ya bangili, aliuliza mfupa unakaaje. Milango yako ya Mji Mkongwe ifanyie hivyo. Ukinakili waridi na mnyororo wa mlangoni ukaupachika kwenye pete, utakuwa umetengeneza kumbukumbu ya watalii. Uliza mlango unafanya nini. Una nguzo ya katikati inayofunika mwanya wa mbao mbili, una misumari ya shaba iliyotokeza, na nakshi nzito iko kwenye fremu kuliko kwenye mbao zenyewe. Hapo kuna kifungo cha bangili, kuna namna ya kushikilia jiwe, kuna uamuzi wa wapi pajae na wapi pabaki patupu.

Hapa Nairobi tuna Ami Doshi Shah, ambaye kazi zake za chumvi zilionyeshwa London katika jumba la makumbusho la V&A mwaka 2022. Shaba, katani na chumvi. Nakutajia huyo kwa sababu alichagua kitu kimoja cha kawaida akakikalia mpaka kikazaa seti nzima. Wewe una vipande 12, usilete vyanzo 12.

Mpambanaji wa Kariakoo

Mimi nauza, sifui. Ukurasa huo usiwe mashairi matupu. Mnunuzi anataka kujua fedha ni ya kiwango gani, kipande kina gramu ngapi, na jiwe limetoka wapi. Ukisema unapenda uzito, andika uzito wenyewe. Piga muhuri wa 925, yaani fedha 925 kwa elfu, kama ni 925 kweli. Hayo nayo ni falsafa, maana yanaonyesha unamheshimu anayetoa pesa.

Fundi wa Njiro

Nakuja kwenye tanzanaiti, kwa sababu hapa ndipo unaweza kupoteza pesa.

Jiwe hili linatoka Mererani tu, Simanjiro, na limejulikana tangu 1967. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwa kipimo cha Mohs. Vumbi la barabarani lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo tanzanaiti ikivaliwa kama pete kila siku itachakaa kingo. Pia lina upande mmoja linakopasuka kirahisi likigongwa. Ushauri wangu: vipande viwili vya duka vifanye herini na kidani. Ukilazimika kufanya pete, usitumie kucha, vile vimeno vya kushikia jiwe, zungushia ukingo kamili wa fedha na jiwe likae chini kidogo ya ukingo.

Moto ni adui yake. Maliza lehemu zote, safisha asidi, ng'arisha, ndipo upachike jiwe mwisho kabisa. Pambo likirudi kwa matengenezo, toa jiwe kwanza. Usilitie kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo wala mvuke. Maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini.

Sasa nikuambie kinachonifanya nilipende, labda kitakufaa kwenye ukurasa wako. Jiwe ghafi ukiligeuza linaonyesha rangi tatu: bluu, zambarau na hudhurungi yenye wekundu. Karibu yote yanayouzwa yamepashwa joto, nyuzi 500 hadi 600 hivi, ile hudhurungi ikaondoka. Halafu mkataji anaamua. Akiuelekeza uso kwenye bluu, mara nyingi anapata jiwe dogo. Akiuelekeza kwenye zambarau, anabakiza karati nyingi zaidi. Sokoni wengi hufuata karati. Mbunifu anayejua anachotaka anakwenda kwa mkataji kabla ya kukata, anasema: mimi nataka bluu, niko tayari kupoteza uzito. Wewe unapenda fedha nzito yenye alama za nyundo, rangi yake ya baridi. Bluu itakaa nayo vizuri. Kituo cha Jemolojia hapa Arusha wanafundisha ukataji, ukipata nafasi njoo uone kwa macho.

Mama wa Shanga, Longido

Binti, kama katika hizo 12 utaweka shanga za Kimasai, naomba ufikirie. Rangi zile tunazipanga kwa maana na kila mji una mpangilio wake. Shanga zenyewe ni kioo, nyingi zinatoka Ucheki, wala hilo halituondolei umiliki wa kazi, kwa sababu mpangilio ndio wetu. Ukitaka kutumia, waajiri kina mama wakushonee na uandike kwamba wao ndio walioshona. Wengi wanachukua picha tu.

Msafiri Maskati

Nipo huku Oman mwaka wa kadhaa, kwetu Unguja. Ukiingia makumbusho ya Bait Al Zubair hapa Maskati utaona vifaa vya wanawake vya fedha ambavyo bibi zetu wangevitambua mara moja, pamoja na visanduku vya kifuani vya kutilia maandishi, ndugu wa hirizi zetu. Fedha nyingi ya zamani ilitokana na riale za Maria Theresa. Sarafu ile ina gramu 28 na kidogo, fedha yake ni 833 kwa elfu, na hata zilizopigwa miaka mingi baadaye bado zinaonyesha mwaka 1780. Masonara waliziyeyusha, wengine walizining'iniza nzima kwenye mikufu.

Kwa hiyo kekee ya bibi yako ukiipima usishtuke ikiwa chini ya 925. Na tafadhali usije ukaiyeyusha kwa kutafuta malighafi.

Kingine: vitu vya kale utavikuta vimewekewa ng'amba (gamba la kasa) au pembe za ndovu. Usivirudie hata ukiuziwa na mtu anayeapa ni vya zamani. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na mgeni wako atanyang'anywa uwanja wa ndege. Pembe ya ng'ombe inang'aa vizuri na ina rangi zake.

Binti Sonara

Shikamoo Mzee wa Langoni, na asanteni wote. Nimevaa kekee tangu juzi. Inateleza hadi kwenye kifundo ninapoinama kwenye fuawe, na inanikumbusha mkono uko wapi. Sikuwahi kulijua hilo kwa kuitazama.

Mama wa Shanga, nimekuelewa, seti hii haitakuwa na shanga. Nikizitumia baadaye nitakuja kwenu kwanza.

Rasimu yangu ni hii, naomba muikosoe:

"Nafua fedha ya 925 kwa nyundo na naacha alama zake, ili anayevaa ajue pambo lake lilipigwa na mkono. Vipande hivi vyote vinatokana na kekee moja ya Tanga iliyovaliwa na bibi yangu. Upana wake nimeubakiza. Upande wa kiganja nimeulaza, kwa sababu wanawake ninaowatengenezea wanaandika na kuendesha gari. Kila jiwe ni moja na limezungukwa na fedha kama bakuli lililoshikwa na chokaa katika makaburi ya pwani yetu. Tanzanaiti zimekatwa kufuata bluu, hata pale jiwe lilipopungua. Uzito wa kila kipande umeandikwa pembeni yake."

Mzee wa Langoni

Marahaba. Hapo kwenye makaburi taja Kunduchi kwa jina, mgeni akitaka akaone. Na neno "pwani yetu" liache lilivyo.

Fundi wa Njiro

Ongeza kwamba tanzanaiti zimepashwa joto. Ni jambo la kawaida kwa jiwe hili, lakini mnunuzi ana haki ya kulisoma. Na usiandike "zimekatwa kufuata bluu" kabla hujaziona. Nunua kwa mwenye leseni, zishike mwanga wa mchana kivulini, ugeuze taratibu. Taa za dukani zenye wekundu huzivuta kwenye zambarau.

Binti Sonara

Naongeza yote mawili. Fundi, kwa kidani nafikiria jiwe la karati mbili hivi, umbo la yai. Ukingo wa fedha niufanye wa unene gani ili usilibane jiwe wakati wa kulaza?

Fundi wa Njiro

Tumia fedha laini isiyochanganywa kwa ukingo tu, si 925. Inalala bila kulazimishwa. Nusu milimita inatosha. Laza kwa pande zinazotazamana, kidogo kidogo: juu, chini, kulia, kushoto, usizunguke upande mmoja. Na fanya mazoezi kwanza kwa kioo cha ukubwa huo huo.