Mjadala: Ustahimilivu wa askari hujengwa darasani au na kamanda wake?

Ndugu wachangiaji, mleta mada anashikilia kwamba kila jeshi linapaswa kumfundisha askari ustahimilivu wa akili kama linavyomfundisha shabaha, na mfano alioutoa ni wa Marekani. Mfano huo ni mzuri, ila naomba tuufuate hadi mwisho, kwa sababu mimi naona unathibitisha kinyume cha anachodai.

Oktoba 2009, chini ya Jenerali George Casey, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuwapa askari wake wote, zaidi ya milioni 1, mafunzo yaliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambayo awali yalitungwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Msimamizi wa mpango alikuwa Brigedia Jenerali Rhonda Cornum, daktari ambaye mwaka 1991 helikopta aliyopanda ilitunguliwa Iraki, akavunjika mikono yote miwili na kutekwa. Mtu aliyepita hapo akisema kwamba akili inaweza kuzoezwa, anastahili kusikilizwa.

Masajenti walipelekwa kozi ya siku 10, kisha wakarudi vikosini kuwafundisha wenzao. Katika zoezi mojawapo askari anakaa na karatasi, anaandika mambo mema 3 ya siku hiyo, na kando ya kila moja anaeleza maana yake kwake. Silidharau zoezi hilo. Lakini wengi wa waliokabidhiwa karatasi hiyo walikuwa wametoka kwenye zamu za vitani za miezi 15, kwani Aprili 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alizirefusha kutoka miezi 12. Wataalamu wa jeshi lenyewe waliowahoji askari huko Iraki waliripoti mwaka 2008 kwamba, miongoni mwa masajenti na makoplo waliokuwa zamu ya tatu au ya nne, zaidi ya robo walikuwa na dalili za matatizo ya akili, ilhali kwa waliokuwa zamu ya kwanza ilikuwa takriban asilimia 12. Ripoti za wataalamu haohao zilionyesha pia kwamba askari waliowaamini viongozi wao wa karibu walikuwa na hali nafuu zaidi. Mambo yote mawili, urefu wa zamu na ubora wa kiongozi, yamo mikononi mwa wakubwa, wala hayamo kwenye karatasi ya askari.

Wanasaikolojia Roy Eidelson, Stephen Soldz na Marc Pilisuk walilalamika mapema kwamba mpango ulisambazwa jeshi zima bila kujaribiwa kwanza kwa kikosi kidogo, na mwaka 2014 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikasema ushahidi wa kwamba unazuia maradhi ya akili haujapatikana. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu askari akishaambiwa kwamba amefundishwa kustahimili, kisha akaelemewa, lawama humrudia yeye.

Najua mtanitajia utafiti wa mwanasaikolojia Angela Duckworth kuhusu kuruta 1,218 walioingia West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mwaka 2004, ambako ung'ang'anizi ulibashiri vizuri zaidi nani angemaliza mafunzo ya kiangazi cha kwanza kuliko alama walizoingia nazo. Nakubali, tabia ya mtu ina uzito. Hata hivyo, utafiti huo unahusu nani atavumilia wiki chache za depo, na wala haukupima hali ya mtu huyohuyo akirudishwa vitani mara ya tatu.

Uganda na Burundi zilipeleka askari Somalia tangu 2007, na Kenya ikaingia 2011, kwa hiyo swali hili liko nyumbani kwetu. Namuomba mleta mada ajibu: fedha zikitosha jambo moja tu, atanunua kozi ya siku 10, au atafupisha zamu na kumwondoa kamanda ambaye vijana wake wanaogopa kumwambia kwamba hawalali usiku?