Nguzo ya tabo ya upepo (mashine ya kuzalisha umeme kwa upepo) kwenye ploti ya 100 kwa 200, Kisaju, Kajiado: urefu gani, na kibali gani?

Mwanakisaju
Wadau, ploti ni nusu ekari, futi 100 kwa 200, na upande mrefu unaelekea mashariki–magharibi. Nyumba iko katikati, kilele cha paa mita 4.5. Mpaka wa magharibi una mikaratusi ya mita 9. Tabo ni ya kilowati 1, kipenyo cha mapanga mita 2.4, ya kuchaji betri tu. Fundi anataka kusimamisha bomba la mita 3 juu ya paa. Mwingine anasema sheria inaruhusu mita 11.1 na si zaidi. Nifuate nani?

Fundi_Nguzo
Usifuate yeyote kati yao. Juu ya paa ndipo upepo unapovurugika zaidi, na mtetemo wa tabo hushuka kwenye mbao hadi misumari ya mabati ilegee. Nyumba huvuruga upepo hadi kimo mara mbili ya kimo chake, na upande unakokwenda upepo vurugu hiyo hufika mbali mara 20 ya kimo. Upande unakotoka upepo huishia mara 2 tu.

Hapo ndipo ploti yako ina bahati. Kajiado upepo mwingi hutoka mashariki. Weka nguzo mashariki, mita 15 hivi kutoka mpaka, na nyumba na miti vyote vitakuwa nyuma ya tabo. Miti ya mita 9 inahitaji nafasi ya mita 18. Wewe utakuwa nayo 45.

Nguzo iwe mita 12, yaani mabomba mawili ya mita 6 yaliyounganishwa. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi), na kasi huongezeka ukipanda juu, kwa hiyo kutoka mita 7.5 za paani hadi 12 kwenye uwanda wazi unaongeza takriban asilimia 22, bila kuhesabu vurugu unayoikwepa. Usitegemee kilowati nzima, lakini. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 au 1,700 hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa asilimia 15 hivi, na nguvu hupungua vivyo hivyo.

Mpima_Mipaka
Mita 11.1 ni kanuni ya England. Huko tabo ya kusimama yenyewe ndani ya kimo hicho haihitaji kuombewa ruhusa, mradi eneo linalofagiwa na mapanga lisizidi mita za mraba 3.8. Yako inafagia 4.5, kwa hiyo hata huko ingekataliwa njia hiyo ya mkato.

Kenya kibali cha ujenzi unakiomba kwa serikali ya kaunti chini ya sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019. Peleka ramani ya ploti inayoonyesha nguzo, vitako vyote vya waya za kushikilia nguzo, na umbali hadi kila mpaka. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege au kiwanja kidogo cha ndege, omba pia idhini ya kimo kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kimo hicho hupimwa kulinganisha na usawa wa uwanja, hivyo nguzo fupi juu ya kilima huhesabiwa pamoja na kilima. Leseni ya kuzalisha umeme haihitajiki kwa matumizi yako mwenyewe chini ya megawati 1.

Kipimo cha kuchukua kutoka England ni hiki: umbali hadi mpaka uwe kimo chote pamoja na asilimia 10. Nguzo 12 na panga 1.2 ni 13.2; mara 1.1 ni 14.5. Upana wako ni mita 30.5, ukisimama katikati unapata 15.2. Inatosha. Nguzo ya 18 ingetaka 21, na ikianguka inamwangukia jirani.

Mwanakisaju
Nimeelewa. Waya za kushikilia je?

Fundi_Nguzo
Pande nne, ngazi mbili: mita 6 na mita 10.3. Ukifunga juu zaidi ya 10.8, ncha ya panga itakata waya. Vitako vya zege viwe mita 6 kutoka kwenye shina. Waya ni wa chuma uliosokotwa, milimita 6 au 8. Wa fensi hurefuka ukivutwa. Kila mwisho funga klipu tatu za kubana waya; kila klipu ina upinde wa U na tandiko. Upinde wa U ukae juu ya ncha fupi iliyokatwa, tandiko juu ya waya unaobeba mzigo. Kinyume chake waya huchunika na kuteleza.

Nguzo iwe ya kulazwa na kuinuliwa kwa bawaba iliyo shinani, ikilala ielekee mashariki, na bomba la kuinulia la mita 5 au 6 upande wa magharibi. Vitako viwili vya kaskazini na kusini lazima viwe mstari mmoja na bawaba ya shina, na usawa mmoja. Kikikosea hata kidogo, waya hukaza katikati ya kuinua na bomba hupinda. Kabla ya kuinua au kulaza, unganisha nyaya tatu za jenereta pamoja ili mapanga yasimame.

Mpima_Mipaka
Ongeza jambo moja kabla ya kumwaga zege: angalia ploti ya jirani wa mashariki. Akijenga ghorofa la mita 9 karibu na mpaka, vurugu yake itafika mita 18 juu, na nguzo ya 12 itakuwa ndani yake.