Mama anakuja Madison kiangazi hiki: soko la Jumamosi, muziki wa Jumatano au Terrace?

MamaPacha, 11 Mei

Wadau wa Madison, Wisconsin, na vitongoji vyake, habari za leo.

Mama yangu anatua mwanzoni mwa Juni kutoka Marangu, anaondoka mwisho wa Agosti. Ana miaka 66, goti la kushoto linamsumbua, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Mume wangu anashinda maabara mpaka usiku, pacha wangu wana miaka 5, gari ni moja na lenyewe ni la kubembeleza. Bajeti ni ya mwanafunzi: cha bure kwanza, cha dola tano nitakifikiria. Mwaka jana nilikuwa mgeni, kiangazi chote nimekimaliza dirishani nikitazama watu wanapita na viti vya kukunja begani, sijui wanaelekea wapi.

Safari hii nimeuliza huku na kule, nimepata haya: soko la wakulima la Jumamosi kuzunguka Capitol (jengo la bunge la jimbo), okestra ya Jumatano palepale, Terrace, ile baraza ya wazi ya chuo kando ya ziwa Mendota, bustani ya maua ya Olbrich, bustani ya wanyama ya Vilas, na Africa Fest ya Agosti. Sitaki kumburuza bibi wa watu kila mahali. Mliowahi kukaa na wazazi hapa, kipi kinafaa na kipi ni msongamano tu?

PwaniHadiWisconsin, 11 Mei

Karibu sana, Mama Pacha. Mimi ni mtu wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa 14 hapa, na mama yangu marehemu alikuja mara mbili. Kura yangu ni Jumatano.

Concerts on the Square ni ya Wisconsin Chamber Orchestra, ipo tangu 1984. Hupigwa Jumatano kuanzia mwishoni mwa Juni, saa moja jioni, kwenye ngazi za Capitol upande wa King Street, na hulipi hata senti. Ila siri haiko jioni, iko alasiri. Kabla ya saa tisa huruhusiwi kutandika kitu kwenye nyasi. Ikigonga saa tisa, utawaona watu wazima na suti zao wanakimbilia majani na mablanketi kama watoto wa chekechea. Unatandika mkeka wako, unaondoka, unakwenda zako nyumbani kupika. Ukirudi saa kumi na mbili unaukuta ulipouacha. Mara ya kwanza mama yangu alikataa katakata kuuacha, akaukalia kwa muda wa saa nne nzima.

Na kwa mtu wa goti, faida ni kwamba ukishakaa umekaa. Soko la Jumamosi ni kutembea mwanzo mwisho. Wote wanazunguka upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, na ukijaribu kurudi nyuma unapambana na mto wa vigari vya watoto na mbwa.

Mwanjaa, 12 Mei

Kaka Pwani, nakuheshimu lakini hapo sikubali. Pacha wa miaka 5 utawakalisha saa mbili mbele ya fidla? Na saa moja wanayoanza ndiyo saa ya mbu. Halafu kila blanketi lina chupa ya divai. Haramu ya mtu hainihusu, ila mtoto akikimbia kidogo anamwaga glasi ya mtu. Yamenikuta, nikaomba radhi mpaka koo likakauka.

Mama Pacha mdogo wangu, mpeleke mama Olbrich. Bustani ya nje ni bure, njia zake ni tambarare, na mabenchi yamejaa kila kona. Kuna banda la Kithai limenakshiwa kwa dhahabu, zawadi kutoka Thailand, lilijengwa kule kwanza, likafunguliwa na kuletwa vipandevipande. Mama mkwe wangu wa Unguja alikuwa akikaa pale na tasbihi yake asubuhi nzima, hasemi neno, anafurahi. Vilas nayo ni bure, ipo tangu 1911, watoto watakuburuza wao. Hiyo haina haja ya mjadala.

Terrace nenda asubuhi ya siku ya kazi. Vile viti vya chuma vyenye umbo la jua, kijani, njano na chungwa, asubuhi unachagua rangi uitakayo. Ijumaa jioni hupati hata cha kuwekea mkoba. Aiskrimu ya Babcock, ile inayotengenezwa na chuo chenyewe, sifa zake si za uongo.

Ziwani msiingie kichwakichwa. Julai na Agosti maji hugeuka kijani kama rangi ya ukuta. Ni vijidudu jamii ya mwani vinavyonenepa kwa samadi na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani, na vina sumu. Idara ya afya hufunga fukwe na kuziorodhesha kwenye tovuti yake. Tazama kila unapotoka, maana leo pamefungwa hapa, kesho kule.

Swali ambalo hukuuliza: Brat Fest ya mwisho wa Mei. Soseji za nguruwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi hupita mbali. Nyinyi wa Marangu mtajua wenyewe!

MamaPacha, 12 Mei

Dada Mwanjaa umenichekesha. Mama ni Mlutheri wa kufa na kupona, kiti moto hakimtishi. Kinachomtisha ni kukaa chini kwenye nyasi halafu ashindwe kuinuka mbele ya watu.

Kivu_Moja, 12 Mei

Jambo kwa wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko na miaka tisa hapa upande wa kusini mwa mji.

Naona munaongea tu juu ya Capitol na ziwa. Ile yote ni muzuri, lakini mama akifika kule atabaki mugeni kila siku. Mupeleke Penn Park siku ya Juneteenth, katikati ya Juni. Ni sherehe ya Weusi wa Amerika, kwa kukumbuka ile tarehe 19 Juni 1865 habari ya uhuru ilipofika Galveston, Texas, watumwa wa kule wakaambiwa kwamba wako huru. Hapa Madison wanaoitayarisha wanaitwa Kujichagulia. Ndiyo, kwa Kiswahili vile vile! Ni jina moja kati ya zile Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu ya Weusi wa Amerika ya mwisho wa mwaka. Baba yangu alipoona ile neno imeandikwa, alimwendea mwenye kuvaa fulana akamuongelesha Kiswahili mbio mbio. Yule mutu hakusikia kitu, lakini alimukumbatia.

Chakula iko, muziki iko, wazee wanapewa kiti kwenye kivuli. Hiyo ya kiti mimi ndiyo naangalia kwanza. Kwenye okestra hakuna atakayemupa mama kiti.

Africa Fest pia ni ya kwenda, McPike Park, inatayarishwa na chama cha Waafrika wa Madison. Lakini ni siku moja tu. Huwezi kujenga miezi tatu juu ya siku moja.

PwaniHadiWisconsin, 12 Mei

Kivu umenena. Nakubali hapo kwenye kiti.

Mwanjaa, kuhusu divai sina jibu. Kuhusu pacha ninalo: kaeni pembeni, upande wa mbali na jukwaa, huko watoto wote wanabingirika kwenye nyasi na hakuna anayesikiliza fidla. Mama Pacha, mbebee kiti cha kukunja. Ndivyo viti ulivyokuwa ukiviona dirishani.

Kapera_wa_StateStreet, 13 Mei

Shikamooni wakubwa. Mimi mwanafunzi, sina mtoto wala mkeka, lakini naona mmesahau sikukuu kubwa kuliko zote: tarehe 14 na 15 Agosti.

Mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi mjini huisha tarehe 14 mchana na mipya huanza 15. Usiku ule nusu ya wanafunzi hawana makao rasmi, na vitu vyao vyote viko barabarani: makochi, meza, feni, sufuria ambazo hazijawahi kuona moto. Wenyeji wanaiita Krismasi ya Mahipi. Nyumba yangu nzima nimeijenga kwa siku hiyo moja. Angalizo ni moja tu: kitu chenye godoro au kitambaa usiguse, kunguni ni wa kweli. Mbao, chuma na plastiki, beba.

Na Terrace msimdharau mtu wa jioni. Jua la Juni linazama karibu saa mbili na dakika arobaini usiku, upande wa pili wa ziwa, na bendi inapiga bure. Nimekaa pale na waombolezaji, wachumba, maprofesa, na Wamarekani wanaosoma Kiswahili hapa chuoni. Hao wakisikia unaongea, jiandae kusahihisha ngeli mpaka giza liingie.

Mwanjaa, 13 Mei

Marahaba Kapera. Oa.

MamaPacha, 2 Julai

Narudisha mrejesho kama mlivyonifundisha.

Penn Park tulikwenda. Kivu, asante sana. Mama alipewa kiti kabla hajauliza, akalishwa samaki wa kukaanga na mama mmoja wa makamo yake, wakakaa wameshikana mikono wanaongea, kila mtu lugha yake. Kuhusu uhuru wa 1865 nilimweleza tukiwa njiani. Akanyamaza, halafu akauliza kwa nini habari ilichelewa. Rais alishatangaza Januari 1863, nikamwambia, ila Texas hapakuwa na askari wa kulazimisha.

Okestra: nilitandika saa tisa juu ya alama, nikaondoka kifua mbele. Mama jioni alikaa kwenye kiti cha kukunja kama mgeni rasmi. Baada ya nusu saa akaniuliza kama yule anayepunga kijiti analipwa sawa na wanaopiga. Kisha akalala. Pacha walibingirika upande wa mbali, divai haikumwagika. Mkosi ulikuwa gari: niliegesha kwenye uwanja wa duka fulani nikidhani limeshafungwa hivyo ni ruhusa. Limevutwa. Sitaji duka wala sitataja nililipa kiasi gani, mume wangu anasoma humu.

Sasa soko, ambalo nililiacha mwisho kwa sababu ya goti. Tulifika saa moja asubuhi, kabla ya ule mto wa watu. Kitu cha kwanza mama alichouliza ni ndizi ziko wapi. Nikamweleza kwamba pale anauza aliyezalisha mwenyewe, na ni lazima iwe ya Wisconsin, kwa hiyo hakuna ndizi wala embe. Akaguna: soko gani lisilo na ndizi. Akaonja jibini mbichi ya vipande, ile inayolia kwenye meno, akasema ni kama kutafuna kandambili.

Halafu akasimama ghafla, nusura nimgonge na kigari. Kwenye meza ya mama mmoja wa Kihmong, mdogo wa umbo, ana kofia ya jua, palikuwa na mafungu ya mnafu. MNAFU. Mbichi, umekatwa alfajiri, bado una umande, na vile vijimaua vyeupe. Mama akachukua jani moja, akalisugua kwa vidole, akanusa, akamtazama yule mama kama wametoka kijiji kimoja. Yule akaonyesha vidole vitatu. Mama akaonyesha viwili. Mimi natamani ardhi ipasuke, maana hapa watu hawapatani bei. Yule mama akacheka mpaka akaziba mdomo, akashikilia vitatu vyake, ila akachota konzi nyingine akaiweka juu. Nyongeza! Kama Mwika siku ya soko.

Tangu siku hiyo hakuna Jumamosi aliyolala. Goti limesahaulika. Anashuka kwenye basi, anakwenda mezani moja kwa moja, hazunguki, na anarudi.

PwaniHadiWisconsin, 2 Julai

Nimeshindwa na mnafu. Sisi twauita mnavu, na miaka 14 sijauona kwa sababu nilikuwa nafika saa nne!

Hao Wahmong walitoka milima ya Laos. Walipigana upande wa Marekani, na baada ya 1975 ikabidi wakimbie. Wisconsin wako wengi, California na Minnesota tu ndizo zinazoizidi. Wengi walikuwa wakulima kwao, ndiyo maana mboga zao zinafanana na zetu kuliko za Mzungu. Jamani, kumbe tulikuwa tunapita mbele ya mboga zetu tukienda kununua mkate wa jibini.

Mwanjaa, 3 Julai

Na majani ya maboga je, wanayo?

MamaPacha, 3 Julai

Wanayo, dada. Machanga, na mikono yake ya kujizungushia. Njoo mapema, saa mbili na nusu yamekwisha.

MamaPacha, 15 Agosti

Naomba msaada wa haraka. Kapera hakudanganya, mtaa mzima ni makochi. Mama ameona kiti cha chuma chenye umbo la jua, rangi ya chungwa, kimeachwa kando ya takataka pale kona ya pili kutoka kwetu. Amekikalia na hataki kuinuka, anasema goti limekubali. Kwenye gari letu hakiingii na mume wangu hapokei simu. Nani ana gari kubwa?

Kivu_Moja, 15 Agosti

Niko na pikapu. Tuma ile kona. Lakini leo ni Jumamosi, mama alishapika mnafu?

MamaPacha, 15 Agosti

Upo jikoni, na ugali tutasonga ukifika. Njoo na kamba.