Dokta mgombea, tumekuuliza habari ya bima unatuletea jezi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kwenye mkutano wa kampeni wa huyu daktari wetu anayetaka ubunge na nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Jina simtaji, wa jimboni mnamjua. Ni daktari kweli, si wa kujipachika. Kasoma udaktari, akaenda kusomea sera za afya, miaka na miaka tunamwona kwenye makongamano anachambua ugharamiaji wa matibabu mpaka unasema huyu akiingia mjengoni tumepona. Mimi mwenyewe nilimpigia debe kijiweni, nikabishana na watu hadi chai ikapoa.

Sasa sikieni. Singeli ikazimwa, akashika maiki, dakika arobaini. Gari la wagonjwa. Jezi na mipira kila kata. Bati za zahanati. Nikanyoosha mkono, na kijana aliyenipa maiki nadhani anajuta mpaka saa hizi. Nikasema: Dokta, sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge liliipitisha Novemba 2023. Humo kuna mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, hela itoke kwenye kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Ukifika Dodoma utahakikishaje hiyo hela haiishii njiani? Na nani atakayeamua kwamba fulani hana uwezo na jirani yake anao?

Akacheka. "Kaka yangu, hayo ni mambo ya kitaalamu, tutayaweka mezani." Na watu wakapiga makofi!

Ya kitaalamu! Sasa wewe ni nani, fundi cherehani?

Siulizi kwa kujionyesha. Mwezi uliopita nilimpeleka mama, ana presha na sukari, kadi ya CHF (ule Mfuko wa Afya ya Jamii) mkononi, ile tuliyolipia 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kumwona daktari, hakuna shida. Kufika dirisha la dawa, dada akaitazama karatasi, akachukua kalamu nyekundu, akazungushia dawa tatu kati ya nne. "Hizi nje." Nje yenyewe ni duka lililo ng'ambo ya geti. Zote tatu zipo, muuzaji hata rafu hakuiangalia, alipapasa tu mkono ukafika. Sh27,400. Mama akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini tuchukue za presha tu, sukari ataitafutia mlonge.

Kinachoniuma ni kwamba huyu Dokta anajua. Mwanasiasa wa kawaida nitamsamehe, kwake bima ni kadi ya plastiki. Huyu anajua kwamba bima ya hiari wanaikimbilia walioumwa tayari, wazima wanakaa pembeni, na mfuko unakauka. Si ndiyo sababu tuliyopewa 2023 Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya 50,400, iliposimamishwa, kwamba wazazi wanaikata mtoto akishaumwa? Machi 2024 hospitali binafsi zikagomea kadi za NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ya kitita kipya, yaani bei mpya ambazo mfuko unazilipa hospitali. Mtu ana kadi, makato yake ya kila mwezi yamekatwa, anarudishwa getini. Hapo ndipo mtaalamu anatakiwa asimame atuambie: jamani, ugonjwa uko hapa, tiba yake ni hii, na gharama yake ni hii, hata kama gharama yenyewe ni kodi. Serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Dokta, wewe utapigania asilimia ngapi? Taja namba tukushike nayo!

Badala yake jezi. Kwani tuliomba ligi?

Na nyie mnaokuja kuandika nimetumwa na mpinzani wake, tulieni. Mpinzani wake anauza mbao na simtegemei kujua hata kirefu cha CHF. Ndiyo maana simuulizi.

Alhamisi Dokta yuko stendi saa kumi jioni. Ile karatasi yenye duara tatu nyekundu ninayo mfukoni. Mwenye nafasi tuandamane, maana maiki najua hawanipi tena, itabidi tupaze sauti wengi.